Mwana Kupona na Bintiye

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa yapata mwaka 1810 katika kisiwa cha Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepigana miaka mingi na Masultani wa Unguja. Binti yao, Mwana Hashima, alizaliwa yapata mwaka 1841, mama akiwa amekwisha kutimia miaka 30.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mama akabaki mjane, na maradhi yakamshika. Binti alikuwa kigoli wa miaka 17 hivi. Mama akaona siku ni chache na mafunzo ni mengi; basi mwaka 1858 akamtungia mwanawe utendi, wasia wa dini, adabu na unyumba.

Ndugu zetu wa Meru na Embu, hapa pana mazingatio. Mama kijana ana siku mbele yake, lakini ajifunza huku akilea. Mama aliyechelewa ana hekima, lakini muda wamponyoka. Basi kijana na atafute ilimu mapema, na mtu mzima asiakhirishe kufunza. Mwana Kupona hakungoja apone ndipo afunze.