Kabaka Mwanga: mfalme aliyewaua Wakristo, kisha akakimbilia Bukumbi

Kila ifikapo mwishoni mwa Mei, mahujaji kutoka Kanda ya Ziwa hupanda mabasi kwenda Namugongo, Uganda, kuadhimisha siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Na karibu kila mwaka, kwenye kipindi chetu cha asubuhi, hurudi swali lile lile la wasikilizaji: vijana wale walimkatalia mfalme wao, je, walikuwa wazalendo? Imani ya Kikristo inamdai mtu aipende nchi yake, au inamdai amtii Mungu tu, mengine shauri ya wakubwa?

Maisha ya mashahidi wenyewe yamesimuliwa mara nyingi. Leo tunamsimulia aliyewaua, Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda. Tunamchagua yeye kwa sababu maisha yake yote yalikuwa ugomvi na swali hilo. Kuna sababu nyingine ambayo wengi wetu hatuijui: sehemu ya maisha hayo ilipita hapa hapa kwetu, Bukumbi, wilayani Misungwi.

Kijana wa miaka 16 kwenye kiti cha enzi

Mwanga alizaliwa mwaka 1868. Baba yake, Kabaka Mutesa wa Kwanza, ndiye aliyewakaribisha wamisionari Buganda. Waanglikana walifika mwaka 1877. Mwaka 1879 wakaja Wakatoliki, Wamisionari wa Afrika wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe. Miongoni mwao alikuwa Padre Siméon Lourdel, Mfaransa ambaye Waganda walimwita Mapera. Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia kabla yao, pamoja na wafanyabiashara wa pwani.

Mutesa aliwakaribisha wote, lakini hakutaka dini yoyote iwe juu ya kiti chake. Katika miaka ya 1870 aliwahi kuamuru Waislamu wauawe kwa kumkaidi. Mapadre Weupe nao waliona mambo yamekuwa magumu, wakaondoka Novemba 1882. Walivuka ziwa kuja kusini, na mwaka 1883 wakajenga misheni Bukumbi, kando ya ghuba ile ile ambayo leo ina Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Ndiyo maana Bukumbi inahesabiwa miongoni mwa misheni kongwe za Kikatoliki katika Kanda ya Ziwa.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanga akatawazwa akiwa na miaka 16. Jambo moja la kwanza alilofanya ni kuwaita mapadre warudi, na Julai 1885 Lourdel alikuwa Buganda tena. Kwa hiyo mfalme huyu hakuanza kama adui wa Wakristo.

Hofu ya mfalme

Ili kumwelewa Mwanga, tazama ramani ya wakati huo. Kuanzia mwishoni mwa 1884 Wajerumani walikuwa wanasaini mikataba na machifu wa bara nyuma ya pwani ya Tanganyika, na habari zilifika Buganda haraka. Mwanga aliona wageni wanakuja na kitabu leo, kesho wanakuja na bendera. Ndani ya jumba lake, vijana waliomtumikia walikuwa wanakwenda kwa wamisionari kujifunza kusoma na kusali. Watu waliwaita wasomaji. Hao ndio waliotarajiwa kuwa machifu wa kesho, na sasa walikuwa na bwana mwingine juu ya kabaka.

Mwezi Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu Mwanglikana James Hannington, aliyekuwa anakuja kwa njia ya mashariki, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Waganda waliamini kwamba watakaoimeza nchi yao watatokea upande huo.

Hapo ndipo akajitokeza Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa na dhamana kubwa katika jumba la mfalme. Alimwambia Mwanga waziwazi kwamba amekosea kumuua mgeni bila kumsikiliza. Pia alikuwa akiwakinga vijana wa jumbani dhidi ya matakwa ya kimwili ya mfalme. Novemba 1885 alikatwa kichwa. Mwaka uliofuata hasira ikawaangukia wengi, na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Hadi mauaji yalipokoma mwaka 1887, majina yaliyohifadhiwa na makanisa yalikuwa 45, yaani Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Machoni pa Mwanga hawa walikuwa wasaliti. Lakini angalia walikuwa nani. Walikuwa watumishi wake wa karibu, walinzi, wapiga muziki wa ikulu, watunza ghala. Hakuna aliyechukua silaha dhidi yake. Walikataa mambo machache, wakaendelea kutumikia mengine yote mpaka walipofungwa kamba.

Mgeni wa Bukumbi

Septemba 1888 ilivuja habari kwamba Mwanga alikuwa na mpango wa kuwatelekeza viongozi wa Wakristo na Waislamu kisiwani ili wafe njaa. Makundi hayo mawili yakaungana, yakampindua. Akiwa na miaka 20, Mwanga alitoroka kwa mtumbwi kuvuka ziwa. Alifika kwanza Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, lakini hakupata amani huko.

Buganda nako mambo hayakutulia. Mwezi mmoja tu baada ya mapinduzi, Waislamu waliwafukuza Wakristo, na wamisionari wote wakapakiwa kwenye mashua moja na kuamriwa waondoke. Njiani kiboko aliitoboa mashua hiyo, na baadhi ya vijana waliokuwamo walikufa maji. Waliosalia walifika kusini wamechoka. Waanglikana walikwenda Usambiro, alikokuwa Alexander Mackay. Wakatoliki, wakiwamo Lourdel na Askofu Léon Livinhac, walikwenda Bukumbi.

Ni kwa hao Mwanga aliomba hifadhi. Fikiria hali yenyewe. Mlangoni pa misheni amesimama mtu aliyewachoma moto wanafunzi wa Lourdel, watoto aliowafundisha kwa mkono wake, na hata miaka mitatu haijatimia. Mapadre walimpokea. Alikaa Bukumbi, akala chakula cha misheni, akaanza kufundishwa dini, ingawa hakubatizwa.

Wakati huo Wakristo wa Buganda waliokimbia walikuwa wamejificha Nkore, magharibi mwa nchi yao. Walikuwa wamepotewa na ndugu, jamaa na mali kwa amri ya Mwanga. Mmoja wa viongozi wao, Apolo Kagwa, alikuwa na kumbukumbu ya kipigo cha kabaka mwenyewe cha mwaka 1886. Hata hivyo, walituma ujumbe kusini kumwomba Mwanga arudi awe mfalme wao.

Ilikuwa pia hesabu ya siasa, tuseme ukweli. Kabaka mpya, Kalema, alikuwa amewaua wana wengi wa kifalme, na Waganda wasingemfuata mtu asiye wa ukoo huo. Lakini watu hao walikuwa na njia nyingine pia. Wangeweza kubaki ugenini na dini yao, na kuiacha nchi ijimalize. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1889 Mwanga aliondoka Bukumbi kwa boti ya mfanyabiashara Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland. Oktoba mwaka huo aliingia Mengo, mji wake mkuu. Alifukuzwa tena, na Februari 1890 akarudi kwa ushindi. Waliompigania walikuwa wale aliowahi kuwaona wasaliti.

Wafaransa na Waingereza

Kama habari ingeishia hapo, jibu la swali letu lingekuwa rahisi. Haikuishia hapo.

Baada ya ushindi, Wakristo waligawana vyeo kwa dini. Wakatoliki wakaitwa Wafaransa, Waanglikana wakaitwa Waingereza. Walikuwa Waganda watupu, wa koo zile zile na lugha ile ile, lakini waliitana kwa majina ya nchi ambazo wengi wao hawakuwahi kuziona. Desemba 1890 alifika Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza, akamlazimisha Mwanga kusaini mkataba. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo. Lugard aliwasaidia Waanglikana kwa bunduki zake za rashasha, na Wakatoliki wakashindwa.

Mwaka 1886 Mkatoliki na Mwanglikana walichomwa katika moto mmoja Namugongo. Miaka sita haijatimia, wakawa wanapigana risasi kwenye vilima vya Mengo. Hakuna upande uliokosa imani, na kila upande ulikuwa na hakika kwamba unaipigania Buganda. Mwaka 1894 nchi ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Mara ya pili Mwanza

Mwanga alibaki kabaka wa jina. Wageni walimpangia ushuru na biashara, na alitozwa faini katika suala la pembe za ndovu. Julai 1897 alitoroka ikulu, akaenda Buddu kuanzisha vita dhidi ya Waingereza. Safari hii yule aliyewashuku wengine kuiuza nchi ndiye aliyeshika silaha kuipigania.

Wakristo waligawanyika tena, lakini si kwa madhehebu. Gabriel Kintu, mkuu wa vita na Mkatoliki, alisimama na Mwanga. Apolo Kagwa, aliyekuwa katikiro, yaani waziri mkuu, na Mwanglikana, alisimama na Waingereza. Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki, naye alisimama na Waingereza. Mwanga alishindwa, akavuka mpaka kuingia eneo la Wajerumani. Wajerumani walimkamata na kumweka kizuizini Mwanza. Hivyo mwambao wetu ulimpokea mara ya pili, kwanza kama mgeni wa mapadre na sasa kama mfungwa wa serikali.

Agosti 1897 Waingereza walimvua ufalme na kumtawaza mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Nchi ikaongozwa na wasimamizi watatu: Kagwa, Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mwaka 1900 ndio waliotia saini mkataba na Uingereza uliowapa machifu maeneo makubwa ya ardhi. Walisema wameiokoa Buganda, na ni kweli ufalme ulibaki. Ni kweli pia kwamba wao wenyewe hawakutoka mikono mitupu.

Kabla ya Januari 1898 kwisha, Mwanga alikuwa ameshatoroka Mwanza na kurudi vitani. Aliungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ambaye Waganda walimhesabu adui wa siku nyingi. Aprili 1899 wote wawili walikamatwa, wakapelekwa uhamishoni Seychelles. Huko Mwanga alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana, akaitwa Danieli. Alifariki tarehe 8 Mei 1903, akiwa na miaka takriban 35, umri ambao wengi wetu tunaotangaza redio leo tunajiita bado vijana. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa Buganda, ukazikwa Kasubi karibu na baba yake.

Je, imani inadai kuipenda nchi?

Makanisa yenyewe yana la kusema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaweka upendo kwa nchi chini ya amri ya nne, ile ya kuwaheshimu wazazi, kama deni la shukrani. Mafundisho hayo hayo yanasema raia hafungwi na amri ya mtawala inayokwenda kinyume na haki. Waanglikana na Walutheri nao husoma barua ya Paulo kwa Warumi kuhusu kuzitii mamlaka, pamoja na habari za mitume waliokataa mbele ya baraza kunyamaza. Yote mawili yamo katika Biblia moja.

Maisha ya Mwanga yanatuonyesha jinsi yanavyokaa pamoja. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba nchi ni yeye, hivyo anayemkatalia anaikataa Buganda. Balikuddembe alipomkanya, alikuwa anaifanyia Buganda kazi ambayo mwingine hakuthubutu kuifanya. Kosa la Wakristo wa Mengo lilikuwa la namna nyingine. Walidhani nchi ni kundi lao, hivyo jirani wa dhehebu la pili akawa mgeni. Pande zote mbili zilisema zinaipenda nchi.

Kwa maoni yangu, tukio linalojibu swali vizuri zaidi halikutokea Namugongo wala Mengo. Ni lile la Bukumbi na Nkore, mwaka 1889. Watu walioumizwa walikubali kurudi nyumbani na aliyewaumiza, kwa sababu nyumbani kulikuwa na watu wengine wasio na kosa waliokuwa wanaumia. Imani inamdai Mkristo awapende watu anaoishi nao, na nchi ni watu hao. Kiti, bendera na chama vinastahili heshima kadiri vinavyowatumikia hao. Mwislamu au mtu wa dini za asili anaweza kulisema jambo hilo kwa maneno ya kwake, na wengi husema.

Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Karoli Lwanga na wenzake kuwa watakatifu Oktoba 1964. Kama mwaka huu unajiandaa kwenda Namugongo, tenga siku moja kabla ya safari ufike Bukumbi. Kutoka Misungwi mjini si mbali. Ukiwa pale utazame ziwa, umkumbuke kijana wa miaka 20 aliyeshuka kwenye mtumbwi akiwa hana nchi, na waliomfungulia mlango.