Samuel Pepys: Mtunza Hesabu Aliyelisha Jeshi la Majini



Vita vya baharini hukumbukwa kwa majina ya makapteni. Lakini meli haitoki bandarini bila chakula, kamba, lami na mishahara ya watu. Samuel Pepys wa Uingereza alitumia maisha yake kwenye kazi hiyo isiyopigiwa makofi.

Alizaliwa London mwaka 1633, baba yake akiwa fundi mshona nguo. Alisoma Cambridge kwa ufadhili. Mwaka 1660 jamaa yake mwenye cheo, Edward Montagu, alimpatia ukatibu katika bodi ya jeshi la majini. Pamoja na shahada yake, jedwali la kuzidisha hakulijua. Alijifunza mwaka 1662, akiwa na miaka 29, mwalimu wake akiwa baharia. Baada ya hapo akawa anapima mbao mwenyewe na kulinganisha bei za katani. Hakuwa malaika, zawadi za wazabuni alizipokea.

Mwaka 1665, vita na Waholanzi vikiendelea, alikabidhiwa usimamizi wa chakula cha jeshi lote la majini. Hazina ilikuwa tupu. Mabaharia walipewa hati za ahadi badala ya fedha, na wengi waliziuza kwa hasara ili familia zile. Juni 1667 Waholanzi waliingia mto Medway, wakachoma meli zilizotia nanga na kuondoka na Royal Charles. Ndani ya meli za adui walikuwamo mabaharia Waingereza waliochoka kungoja malipo.

Bunge lilipodai maelezo mwaka 1668, Pepys alisimama kama saa tatu akijibu kwa kumbukumbu alizotunza. Mwaka 1673 akawa katibu mkuu wa jeshi hilo. Mkataba wa chakula wa 1677 ulitaja haki ya kila baharia: kila siku ratili moja ya biskuti kavu na galoni moja ya bia. Alifariki mwaka 1703, akikiachia chuo chake maktaba ya vitabu 3,000.

Ndugu zetu, ahadi zilizo kwenye daftari la harambee ni kama zile hati za mabaharia: hazinunui saruji mpaka zigeuke fedha. Naye aliyetoa ana haki ya kuonyeshwa stakabadhi. Basi tulipe tulichoahidi, kisha tuulize hesabu.