Fannie Lou Hamer: Mama Aliyeimba Ndani ya Basi

Mwaka huu nilipewa jukumu la kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuiaga dunia, na najua wengi wenu mlitarajia nimwandike Martin Luther King. Huyo mnamjua tayari. Mimi nimemchagua mama mmoja mchuma pamba wa jimbo la Mississippi, Marekani, na sababu yangu ni ubishi. Humu chamani mna wenzangu wanaoshikilia kwamba wimbo ni kitumbuizo tu, kitu cha kupigiwa makofi siku ya wazazi, na kwamba haki hudaiwa kwa hotuba na mahakamani basi. Si kweli. Ama tuseme, si kweli yote. Hebu nifuateni pole pole.

Fannie Lou Townsend alizaliwa tarehe 6 Oktoba, 1917, akiwa kitinda mimba katika jamii ya watoto 20. Naam, 20, hujasoma vibaya! Baba yake, James Lee, alikuwa mkulima na mhubiri. Mama yake aliitwa Lou Ella. Fannie Lou alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi walihamia wilaya ya Sunflower. Wazazi wake hawakuwa na shamba lao. Walilima pamba kwenye ardhi ya Mzungu kwa mtindo wa kugawana mavuno: mwenye shamba anakukopesha mbegu, chakula na kibanda cha kulala, kisha mwisho wa mwaka anapiga hesabu yeye mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe, nawe kila mwaka unaambiwa bado una deni. Msomaji aliyezaliwa na wachuma majani chai, na anayejua jinsi mizani inavyoweza kusema uongo, hahitaji maelezo zaidi.

Alikuwa na miaka sita tu wakati mwenye shamba alipomkuta akicheza kando ya barabara, akamuuliza kama anaweza kuchuma pamba, akamwahidi vitu vitamu vya dukani kwake. Mtoto ni mtoto. Alichuma, akapewa alichoahidiwa, na tangu siku hiyo akawa na kiwango cha kutimiza kila juma. Alipofika miaka 13 alikuwa akichuma zaidi ya ratili 200 kwa siku, yaani kilo 90 na ushei, huku mguu mmoja ukichechemea kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza aliougua utotoni. Shule ya watoto Weusi ilifunguliwa miezi michache tu ya mwaka, ile ambayo pamba haikuwa na kazi nyingi. Akaacha masomo akiwa bado mdogo ingawa alipenda sana kusoma. Kuna wakati baba yake alijikakamua akanunua nyumbu na vifaa ili naye asimame kwa miguu yake. Usiku mmoja mtu akawatilia sumu wanyama wale wakafa wote. Jamii ile haikuinuka tena.

Sasa nyimbo zinaingia wapi? Zinaingia hapo hapo shambani. Mama yake aliimba akichuma, na Jumapili waliimba kanisani. Na hapa naomba mnivumilie, maana hili ndilo jambo lililonifanya nimpende mama huyu. Katika makanisa yale waumini wengi hawakujua kusoma, na vitabu vya nyimbo vilikuwa haba. Kwa hivyo mwimbishaji mmoja alianza mstari, na wengine wakaudaka na kuujibu kwa pamoja. Ukiusikia mara mbili umeujua. Huhitaji kitabu, huhitaji kinanda, wala huhitaji kuwa na sauti nzuri. Sisi Waafrika hatuna haja ya kufunzwa mtindo huo, si ndio nyimbo zetu zote za jando, za kazi na za harusi? Isitoshe, maneno yanabadilishwa wakati wowote. Pale palipokuwa na jina la mbinguni unaweza kuweka neno uhuru, na pale palipokuwa na jina la Farao unaweza kuweka jina la sherifu wa mji wenu. Mtu akiuliza, ni wimbo wa kanisa tu.

Mwaka 1944 aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trekta ambaye watu walimwita Pap. Waliishi kwenye shamba kubwa la pamba karibu na mji wa Ruleville kwa miaka 18. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alifanywa karani wa kuandika saa za vibarua na uzito wa pamba yao. Mwaka 1961 alikwenda hospitalini kutolewa uvimbe mdogo, na daktari akamtoa kizazi kizima bila kumwomba ruhusa wala kumwambia. Mambo hayo yalitendewa wanawake wengi Weusi maskini wa Mississippi. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto wa kuzaa, wakalea watoto wa wengine kama wao.

Basi ikafika Agosti ya 1962. Vijana wa kamati ya wanafunzi iliyopinga ubaguzi bila kutumia nguvu, ile iliyojulikana kwa herufi SNCC, waliitisha mkutano kanisani Ruleville wakawaeleza watu kwamba wana haki ya kupiga kura. Mama Hamer alikuwa na miaka 44, na hakuwahi kusikia jambo hilo! Wilayani Sunflower Weusi walikuwa wengi kuliko Weupe, lakini waliopiga kura walikuwa Weupe. Alipoulizwa nani atakwenda kujiandikisha, aliinua mkono.

Tarehe 31 Agosti watu 18 walipanda basi kuukuu, lililozoea kubeba vibarua wa pamba, wakaenda Indianola, makao makuu ya wilaya. Huko kulikuwa na mtihani. Karani alifungua katiba ya jimbo, akachagua kifungu, ukatakiwa ukinakili kisha ukifafanue. Mama Hamer alipewa kifungu cha mambo ya sheria ambacho hata wakili angekuna kichwa. Akaanguka, kama ilivyokusudiwa. Nje wanaume Weupe wenye bunduki walikuwa wakirandaranda.

Wakarudi basini. Njiani polisi wakalisimamisha, wakamshika dereva. Kosa lake? Eti basi lilikuwa na rangi ya manjano mno, likafanana na basi la shule! Ningetaka kucheka lakini watu waliokuwa ndani hawakucheka. Giza lilikaribia, hawakuwa na silaha, na walijua vizuri kilichowapata wenzao waliokutwa barabarani usiku. Abiria wakaanza kutetemeka. Ndipo kutoka upande wa nyuma sauti moja nzito ikaanzisha wimbo wa kanisani, polepole, na wengine wakaitikia. Ukaisha ukaja mwingine. Wakachanga pesa za faini, dereva akaachiliwa, wakafika nyumbani.

Nawaombeni mtafakari hapo kidogo. Hotuba ingefanya nini ndani ya basi lile? Mtu mwenye hofu hasikii hotuba. Lakini ukishaitikia wimbo, tayari umepumua, umefungua kinywa, na umesikia kwamba jirani yako bado yupo. Hiyo ndiyo kazi ya muziki ninayoizungumzia. Wimbo haukumtisha polisi hata kidogo. Uliwazuia watu 18 wasikimbie.

Jioni ile ile mwenye shamba alimpa Mama Hamer shuruti: afute jina lake au aondoke. Akaondoka usiku huo huo, na mumewe akalazimika kubaki hadi mavuno yaishe. Siku kumi baadaye, nyumba ya marafiki aliyokuwa amekaribishwa ilimiminiwa risasi 16. Mungu si Athumani, hakuwamo. Na huko kwenye ile kamati, Bob Moses, aliyekuwa kiongozi wao Mississippi, alimtuma kijana Charles McLaurin amtafute yule mama mwimbaji wa basini. Ni sauti iliyomtambulisha kabla ya jina. Akaajiriwa na kamati, na tarehe 10 Januari, 1963, akaufaulu ule mtihani.

Mwezi wa Juni, 1963, akitoka Carolina ya Kusini kwenye mafunzo ya uraia, basi lao lilisimama katika mji wa Winona. Wenzake wakaingia kwenye mkahawa wa kituo, sehemu ya Weupe. Wakakamatwa, naye pia. Mmoja wao, June Johnson, alikuwa msichana wa miaka 15, mdogo kuliko mimi. Rumande waliwapiga mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Mama Hamer, askari waliwaamuru wafungwa wawili Weusi wampige kwa kirungu cha ngozi, mmoja akichoka mwingine anapokea. Figo zake ziliharibika na jicho moja likaumia, na hakupona kabisa mpaka alipokufa. Hakuweza kuketi wala kulala chali. Usiku, kutoka seli zile, waliimba wimbo wa Paulo na Sila gerezani, ambao kila Mkristo anaijua habari yao. Tarehe 12 Juni waliachiliwa, wakapokewa na habari kwamba Medgar Evers, kiongozi wa Weusi jijini Jackson, ameuawa kwa risasi usiku uliopita. Waliowapiga walishtakiwa mwaka huo huo. Baraza la wazee wa mahakama, Weupe watupu, likawaachilia.

Mwenzangu mbishi atasema: si unaona, wimbo haukufungua mlango wa gereza. Nakubali. Haukufungua. Lakini Mama Hamer alitoka mle akiwa bado ana sauti, na mwaka uliofuata akaipeleka mahali ambapo nchi nzima iliisikia. Weusi wa Mississippi, pamoja na Weupe wachache waliowaunga mkono, walianzisha chama chao cha uhuru kwa vile chama cha Democratic cha jimbo kiliwafungia nje. Wakatuma wajumbe 68 kwenye mkutano mkuu wa Atlantic City. Tarehe 22 Agosti, 1964, Mama Hamer alikaa mbele ya kamera za televisheni akasimulia kila kitu: basi, shamba, Winona. Hakusoma karatasi. Rais Lyndon Johnson, kwa kuogopa kura za Weupe wa Kusini, aliwaita waandishi wa habari ghafla ili kamera zigeuke kwake. Haikufaa kitu, maana jioni vituo vya televisheni vilionyesha maneno ya mama yule. Wakuu wa chama wakajaribu kuwapoza kwa viti viwili. Akakataa, na nje ya ukumbi akaongoza nyimbo akiwa amezungukwa na wenzake. Wengine waliona ni mama wa shamba asiyejua siasa. Mimi naona alijua hesabu: viti viwili kwa watu 68, kama ile mizani ya pamba.

Baada ya hapo alialikwa Guinea, yeye na vijana wa kamati, safari iliyopangwa na mwimbaji Harry Belafonte. Rais Sékou Touré aliwafuata hadi walikofikia kuwasalimu, na mama akalia, kwa sababu kule kwao hata karani wa wilaya alimwona si mtu. Wenzake wawili, John Lewis na Donald Harris, waliendelea na safari mpaka Nairobi kwetu, ambako walikutana na Malcolm X.

Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi Agosti, 1965, na mitihani ile ikafutwa. Mwaka 1968 aliingia katika mkutano mkuu wa chama jijini Chicago akiwa mjumbe halali, akashangiliwa kwa kusimamiwa. Lakini watu wa Sunflower walikuwa bado na njaa, kwa kuwa mashine za kuchuma pamba zilikuwa zimewanyang'anya kazi. Hapo akaacha kidogo majukwaa akaanzisha ushirika wa mashamba mwaka 1969, pamoja na mradi wa nguruwe: familia inapewa jike, likizaa inarudisha watoto wawili ili wapewe wengine. Ningependa walimu wetu wa kilimo wauangalie mpango huo. Ushirika ulilemewa na madeni na ukavunjika miaka ya sabini, wakati afya ya mwenyewe nayo ikizorota.

Alifariki tarehe 14 Machi, 1977, hospitalini Mound Bayou, akiwa na miaka 59. Nyimbo zake zilizorekodiwa mwaka 1963 zilitolewa kwenye santuri mwaka 2015, na anayetaka anaweza kuzisikia hata kwa simu. Usitarajie ala. Ni sauti yake, nzito na ya kukwaruza kidogo, na watu wanaoitikia. Januari, 2025, Rais wa Marekani alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia, miaka 47 baada ya kifo chake. Kaburi lake liko Ruleville, na hapo mwaka 2012 ilisimamishwa sanamu yake ya shaba. Fundi amempa kipaza sauti mkononi, ingawa siku ile ya basi hakuwa nacho.