Maisha ya Daktari Oswaldo Cruz wa Brazili

Twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja wa nchi ya Brazili, aliyepigana na maradhi matatu katika mji mmoja, akashindana pia na watu wale wale aliotaka kuwaokoa.

Oswaldo Cruz alizaliwa tarehe 5 Agosti 1872 katika mji mdogo wa São Luiz do Paraitinga. Babaye alikuwa daktari, na mwana akaifuata kazi hiyo. Aliingia chuo cha uganga mjini Rio de Janeiro akiwa na umri wa miaka 15, akamaliza mwaka 1892. Mwaka 1896 akavuka bahari kwenda Paris, akajifunza habari za vijidudu viletavyo maradhi katika chuo cha Pasteur.

Aliporudi mwaka 1899, tauni ilikuwa imeingia bandari ya Santos. Dawa yake ilitoka Ulaya, nayo ilikawia. Kwa hiyo mwaka 1900 ilianzishwa nyumba ya kutengenezea dawa huko Manguinhos, karibu na Rio. Cruz akatiwa kazini humo, na mwaka 1902 akawa mkuu wake.

Siku zile Rio ulikuwa mji mkuu wa Brazili. Homa ya manjano, tauni na ndui ziliua watu wengi, hata mabaharia wa ng'ambo waliogopa kutia nanga. Mwaka 1903 Serikali ikamweka Cruz kuwa msimamizi wa afya. Kwa ajili ya tauni, Serikali ilinunua panya waliouawa; wajanja wengine wakafuga panya nyumbani wapate fedha! Katika homa ya manjano alifuata maarifa ya daktari Carlos Finlay wa Kuba, aliyefundisha tangu mwaka 1881 kwamba mbu ndiye aichukuaye. Watumishi wake wakaenda nyumba kwa nyumba, wakafunika mapipa ya maji, wakamwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama, wakafukiza kiberiti vyumbani. Wengi wakamcheka.

Lakini jambo la ndui ndilo lililoleta msiba. Tarehe 31 Oktoba 1904 ilitolewa sheria ya kuwalazimisha watu kuchanjwa. Chanjo yenyewe ilikuwa njema, walakini watu hawakufundishwa vya kutosha maana yake. Tena maskini walikuwa na uchungu tayari, kwa sababu nyumba zao nyingi zilibomolewa ili njia zipanuliwe. Tarehe 10 Novemba ghasia zikazuka. Magari yakapinduliwa, taa za njiani zikavunjwa, na watu wapata 30 wakafa kabla ya amani kurudi. Serikali ikaiondoa amri ya kulazimisha.

Cruz hakuiacha kazi. Mwaka 1907 homa ya manjano ilikuwa imekomeshwa mjini Rio, na kazi yake ikapewa nishani ya dhahabu mjini Berlin. Mwaka 1908 ndui ikarudi kwa ukali, na safari hii watu wengi wakaenda wenyewe kuchanjwa. Walilolikataa mbele ya askari, walilitaka walipoyaona makaburi.

Alifariki tarehe 11 Februari 1917 huko Petrópolis, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 44 tu. Chuo cha Manguinhos chaitwa kwa jina lake hata leo. Na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetoweka duniani kote, kwa njia ya chanjo ile ile.

Basi, nasi tulishike neno hili: atakaye kuuponya mji na aanze kwa kuwafundisha wenyeji wake; maana dawa njema ikiletwa pamoja na rungu, mgonjwa huliona rungu tu.