MAISHA YA MWALIMU PESTALOZZI



Sisi wa sehemu ya pedagojia, tunatumwa kufundisha kwa majaribio katika shule ya msingi. Tunaingia na somo limeandikwa vizuri katika kaye, kiisha tunaanza kupiga kelele, watoto warudilie maneno yetu. Wanarudilia kweli. Lakini ukiwauliza maana yake, wanakuangalia tu. Ni juu ya hiyo tunapenda kuwaeleza habari za Johann Heinrich Pestalozzi.

Huyu bwana alizaliwa Zürich, inchi ya Uswisi, tarehe 12 Januari 1746. Baba yake alikufa yeye angali na miaka tano. Babu yake alikuwa mchungaji katika kijiji, na mtoto alikuwa anamfuata akienda kuangalia masikini. Yale aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni.

Alipokuwa mtu mzima, alijaribu kulima shamba pahali palipoitwa Neuhof. Shamba halikuleta kitu. Mwaka 1774 akakusanya humo watoto masikini, wasokote pamba na kufuma, na huku wajifunze kusoma na kuhesabu. Alifikiri kazi ya mikono yao italipa masomo. Kumbe hapana! Mwaka 1780 nyumba ikafungwa, na mali nyingi ya bibi yake Anna ilipotea humo.

Hata kwa mtoto wake mwenyewe alikosea. Alimlea kwa kufuata mawazo ya kitabu cha Rousseau, na mtoto akafika miaka 11 bila kujua vizuri kusoma na kuandika. Pale alitambua kama kitabu peke yake hakitoshi, lazima kumtazama mtoto mwenyewe.

Mwaka 1798 waaskari wa Ufaransa waliua watu wengi upande wa Stans. Mwanzo wa 1799 Pestalozzi alipewa mayatima wa huko, karibu 80, wengine wenye upele na chawa. Hakuwa na vitabu wala walimu wa kumsaidia, ila mwanamke mmoja wa kazi za nyumba. Alikula pamoja nao, akalala pamoja nao. Aliwafundisha kwa vitu walivyoviona na kuvishika, na wale waliojua kidogo waliwafundisha wenzao. Mwezi wa sita ile nyumba ikageuzwa hospitali ya waaskari, na kazi ikakatika.

Lakini ndani ya ile miezi michache alipata njia yake: kwanza kitu, kiisha neno; na mtoto afundishwe kichwa, moyo na mkono pamoja. Aliiendesha Burgdorf, kiisha Yverdon toka 1805, na walimu wa inchi nyingi walikuja kuitazama. Fröbel, aliyeanzisha shule za watoto wadogo, alikuwa mmoja wao.

Tusifiche na mwisho wake. Walimu wake waligombana, yeye akashindwa kuwapatanisha, na 1825 shule ikafungwa. Alikufa tarehe 17 Februari 1827.

Basi, wenzetu, huyu mtu alianguka mara nyingi, na kila mara alirudi kwa watoto. Mawazo yake juu ya kufundisha yalitoka katika yale makosa. Na sisi, kesho tukiingia darasani, tuanze na mahindi kumi juu ya meza, mbele ya kuandika 10 kwenye ubao. Na kama somo halikuingia, tusikimbilie fimbo. Tujiulize kwanza namna gani tulifundisha.