Marehemu Paul Ngei na Chama cha Tatu Ukambani

Marehemu Paul Ngei alizaliwa mwaka wa 1923 katika wilaya ya Machakos, ambayo hadi mwaka wa 1992 ilijumuisha pia Makueni. Alikuwa mjukuu wa Masaku, mzee ambaye jina lake ndilo asili ya jina la mji wa Machakos. Mwezi wa Oktoba 1952 alitiwa mbaroni pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne. Baada ya kesi ya Kapenguria alifungwa kwa kazi ngumu huko Lokitaung, akaachiliwa huru mwaka wa 1961.

Aliporejea, siasa za Kenya zilikuwa zimegawanywa baina ya KANU na KADU. Ngei aliingia KANU lakini akahitilafiana na wenzake kuhusu uongozi wa chama Machakos. Mwaka wa 1962 akaunda chama cha tatu, African People's Party, yaani APP.

Je, chama kichanga kama hicho kingeambulia nini baina ya vigogo wawili? Uchaguzi wa Mei 1963 ulitoa jibu: katika Baraza la Wawakilishi KANU ilipata viti 83, KADU 33 na APP 8. Siri ya viti hivyo vinane ni kwamba wafuasi wa Ngei hawakutawanyika nchini, bali walikusanyika Ukambani. Marekani inatufunza vivyo hivyo. Mwaka wa 1968 George Wallace alipata takribani asilimia 13 ya kura, akashinda majimbo matano ya Kusini. Mwaka wa 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19, lakini hakushinda jimbo hata moja, kwa kuwa kura zake zilisambaa kote.

Hata hivyo, kushinda viti si kushika hatamu. KANU ilikuwa na wingi wa kutosha bila Ngei. Mwezi wa Septemba 1963, miezi mitatu kabla ya uhuru, alivunja APP na kurudi KANU, na baadaye akawa waziri. Wapo wamwitao msaliti wa wapiga kura wake. Wapo pia wasemao kwamba aliwaokoa wasiachwe nje ya serikali. Mwaka wa 1975 Katiba ilirekebishwa ili Rais aweze kumsamehe kosa la uchaguzi, ishara ya uzito wake na pia ya utegemezi wake. Aliaga dunia mwaka wa 2004.

Nyayo zake hazijafutika. Charity Ngilu wa Kitui aliwania urais mwaka wa 1997 akawa wa tano. Kalonzo Musyoka alikuwa wa tatu mwaka wa 2007, kura zake nyingi zikitoka Ukambani, kisha akateuliwa Makamu wa Rais. Kwa hiyo, msomaji, anayetaka kubashiri hatima ya chama cha tatu asiulize tu idadi ya kura zake. Aulize zinakaa wapi, na mwenye chama atazipeleka wapi baada ya kuhesabiwa.