Rupert Gould: Aliyezifufua Saa za Harrison

Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo tulivyofunzwa na wahenga. Hata hivyo, historia ina watu waliocheza kwa miaka na mikaka bila mtazamaji wala mtuzaji, na bado hawakuacha kucheza. Rupert Thomas Gould, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ni mmoja wao. Kazi iliyomjengea jina hakuajiriwa kuifanya, hakuisomea, wala hakulipwa kwayo hata senti. Makala haya yanayaangazia maisha yake pamoja na gharama aliyoibeba ili vyombo vinne vilivyosahauliwa virudishiwe uhai.

Gould alizaliwa tarehe 16 Novemba 1890 huko Southsea, mjini Portsmouth, katika pwani ya kusini ya Uingereza. Babake, William Monk Gould, alikuwa mtunzi wa muziki. Mwaka 1906 kijana huyo alijiunga na chuo cha wanamaji cha Dartmouth, na baadaye akatumwa hadi China. Mustakabali wake ulionekana mwangavu. Lakini Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, alishikwa na maradhi makali ya akili, na kazi ya melini ikawa imekwisha kwake. Alipopata nafuu alipelekwa, mwaka 1916, katika idara ya ramani za bahari jijini London. Mwaka uliofuata alimwoa Muriel Estall, nao wakajaliwa wana wawili wa kiume.

Ili tuelewe kilichouteka moyo wake, hatuna budi kurudi nyuma karne mbili. Baharia huweza kuipata latitudo kwa kupima kimo cha jua wakati wa adhuhuri, ilhali longitudo ni suala la wakati. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa moja. Hivyo basi, saa ikikosea kwa dakika nne humpoteza baharia kwa uzi mmoja mzima, yaani takriban kilomita 111 kwenye ikweta. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, na zaidi ya watu elfu moja wakaangamia. Mwaka 1714 Bunge la nchi hiyo likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa yeyote ambaye angelitatua tatizo la longitudo.

Aliyelivalia njuga suala hilo ni John Harrison (1693-1776), seremala aliyekulia Lincolnshire. Saa yake ya kwanza, aliyoikamilisha mwaka 1735, ina uzani wa kilo 34 hivi. Ya pili ilimalizika mwaka 1739. Ya tatu ilimmeza miaka 19. Ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ina upana wa sentimita 13 tu, nayo katika safari ya kwenda Jamaica ya mwaka 1761 hadi 1762 ilikosea kwa takriban sekunde tano.

Mtu angetarajia kwamba vyombo kama hivyo vingetunzwa kama mboni ya jicho. La hasha! Saa ya kwanza iliangushwa mwaka 1766 ilipokuwa ikitolewa nyumbani kwa Harrison kupelekwa kituo cha kifalme cha elimu ya nyota huko Greenwich. Gould alipoziona saa hizo mwaka 1920, hazikuwa zikienda. Ile ya kwanza ilikuwa imefunikwa na kutu ya kijani, na vipande vyake vingi havikuwapo. Wakati huo alikuwa akifanya utafiti wa kitabu kuhusu saa za baharini. Alimwendea Frank Dyson, mkuu wa kituo, akaomba ruhusa ya kuzisafisha kwa hiari yake. Ruhusa ilitolewa. Kitabu chake, The Marine Chronometer, kilichapishwa mwaka 1923 na kingali kinategemewa na wataalamu wa fani hiyo.

Gould hakuwa fundi wa saa. Alijifunza kwa kufungua, kuchora na kufikiri. Kila kipande alikichunguza kabla ya kukiondoa, akaandika kilipokaa na kazi yake. Palipokosekana kipande, ilimbidi abaini kutokana na vile vilivyosalia ni kitu gani Harrison alikuwa amekiweka hapo. Hali yake haikuwa tofauti na ya mhariri wa mswada wa kale wa utenzi ulioliwa na mchwa: hana budi kuujaza ufa bila kuifunika sauti ya mtunzi. Saa ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho zaidi. Ina vipande mamia kwa mamia, ikiwemo fito ya metali mbili zilizoambatishwa ili kuyasawazisha mabadiliko ya joto, pamoja na beringi za namna ambayo ingali inatumika katika mitambo. Ilimchukua miaka saba, hadi mwaka 1931. Madaftari aliyoyajaza kuhusu saa hizo yalifika 18.

Penye miti hapakosi kuvu. Ndoa yake ilikuwa imelemewa na maradhi yake pamoja na shughuli zisizokwisha. Mwaka 1927 mahakama iliwatenganisha yeye na mkewe, na magazeti yakaivumisha kesi hiyo. Gould alipoteza kazi, nyumba na nafasi ya kuishi na wanawe. Akarudi kwa mamake. Kwa sadfa, mwaka uo huo kule Marekani, Warren Marrison na J. W. Horton walikuwa wakiunda saa ya kwanza inayoongozwa na mitetemo ya fuwele la kwatzi. Zama za gurudumu na kamani katika upimaji wa wakati kwa usahihi zilianza kufifia wakati ambapo mtu mmoja, aliyepoteza karibu kila kitu, alikuwa akiendelea kuvipiga msasa vyuma vya Harrison.

Jioni ya tarehe 1 Februari 1933, mvua na upepo vikiyapiga madirisha ya chumba chake cha darini, saa ya kwanza ilianza kwenda tena. Haikuwa imetikisika tangu mwaka 1767.

Katika miaka iliyofuata Gould aliandika kuhusu mambo ya ajabu, likiwemo dubwana la Loch Ness, akasikika redioni katika vipindi vya watoto, na hata akawa mwamuzi wa tenisi huko Wimbledon. Mwaka 1947 chama cha mafundi wa saa cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu. Hakuifurahia kwa muda mrefu, kwani aliaga dunia tarehe 5 Oktoba 1948, akiwa na umri wa miaka 57.

Je, faida ilizidi hasara? Ni vigumu kumjibia aliyepoteza nyumba na watoto. Lakini saa zote nne zipo hadi leo chini ya uangalizi wa Greenwich, na hilo lingekuwa muhali pasipo yeye. Harrison alizipa uhai mara ya kwanza akiitazamia zawadi. Gould alizipa uhai mara ya pili bila kuahidiwa lolote, na nishani ilipokuja, ilimkuta jioni.